Frantz Fanon: daktari aliyekipima kipimo chenyewe

Kama jina Frantz Fanon unalijua, kuna uwezekano mkubwa ulikutana nalo kwenye fulana ya mtu, ama kwenye posti ndefu ya msee aliyekasirishwa na serikali. Picha ni ile ile kila siku: mwanamume mweusi, suti na tai, macho makali. Wengi wakimtaja, wanamtaja kwa sababu ya kitabu alichokitunga akiwa anakufa, kile kinachohusu ukoloni na wanyonge wa dunia.

Sawa, huyo Fanon yupo. Lakini kuna Fanon mwingine ambaye hachapishwi kwenye fulana, na kwangu mimi huyo ndiye anayetufaa zaidi. Ni daktari kijana, miaka ishirini na nane, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Algeria. Mbele yake kulikuwa na mafaili, vitabu na vipimo vilivyotoka Ulaya na Marekani, na vyote vilikuwa na tabia moja ya ajabu: Mwafrika akipimwa navyo, lazima aonekane ana kasoro. Fanon akaanza kuuliza swali ambalo wakubwa wake hawakulipenda. Je, na kama kipimo ndicho chenye kasoro?

Ukinunua nyanya sokoni na mizani imechezewa, utajua, kwa sababu mfuko utauhisi mkononi. Kipimo cha akili si hivyo. Mtu anakuuliza maswali, anaandika, anaondoka, halafu miaka kumi baadaye kitabu kinasema watu kama wewe hawana uwezo wa kufikiri mbali. Huna mfuko wa kuuhisi. Ndiyo maana maisha ya huyu jamaa yana maana hata kwako usiyepanga kusomea saikolojia.

Utoto wake nitaupitia haraka. Alizaliwa Julai 20, 1925 mjini Fort-de-France, kisiwani Martinique, koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibea. Baba alikuwa mfanyakazi wa forodha, mama alikuwa na duka, watoto walikuwa wanane. Hawakuwa mabwanyenye lakini hawakulala njaa. Shuleni, yeye na wenzake weusi walifundishwa historia ya Ufaransa kana kwamba mababu zao walitoka huko huko. Bahati yake ni kwamba katika shule ya upili ya Schoelcher kulikuwa na mwalimu mshairi, Aimé Césaire, ambaye aliwaonyesha vijana wale kwamba kuwa mweusi si jambo la kuombea msamaha.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto, alijiunga na jeshi la Ufaransa Huru. Akavushwa hadi Afrika Kaskazini, kisha Ufaransa kwenyewe, akajeruhiwa mwaka 1944 na kupewa nishani. Alikwenda akiamini anapigania uhuru wa binadamu wote. Alichokikuta jeshini ni ngazi: Wazungu juu, watu wa visiwani kama yeye katikati, Waafrika na Waarabu chini. Ngazi hiyo hiyo ataikuta tena baadaye, safari hii ikiwa imevaa koti jeupe la daktari.

Baada ya vita akasomea udaktari mjini Lyon. Alitaka tasnifu yake iwe kuhusu jinsi ubaguzi unavyoivuruga akili ya mtu mweusi. Wakubwa wakaikataa. Akaandika nyingine fasta, kuhusu ugonjwa wa kurithi unaoharibu mishipa ya fahamu, akapita mwaka 1951. Ile iliyokataliwa ikatoka kama kitabu mwaka 1952, naye akiwa na miaka 26. Na kitabu hicho hakukaa chini akakiandika kwa kalamu. Alikuwa akitembea huku na huku chumbani akiongea, na mwanamke aliyeitwa Josie Dublé, waliyeoana mwaka huo huo, ndiye aliyekuwa akichapa. Josie tutamrudia.

Lyon ya wakati ule ilikuwa na vibarua wengi kutoka Algeria na majirani zake. Walikuja hospitalini wakisema wanaumwa. Wapi? Kila mahali. Daktari anabonyeza tumbo, haoni kitu. Anapima damu, haoni kitu. Basi anahitimisha kwamba hawa ni waongo, wavivu, wanatafuta karatasi ya kutoenda kazini. Madaktari walikuwa wamezoea kulichukulia jambo hilo kama ugonjwa wa kabila fulani la watu. Mwaka 1952 Fanon akachapisha makala katika jarida la Esprit akiligeuza jambo lote juu chini. Alionyesha kwamba daktari alikuwa na jibu lake tayari kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Mtu aliye mbali na mke, mama, lugha na chakula chake, anayetazamwa mtaani kama mwizi, unataka maumivu yake yakae wapi hasa? Kwenye kidole?

Ukitaka kujua kama mambo hayo yaliisha mwaka 1952, muulize dada yako ni mara ngapi ameenda kliniki na uchungu wa kweli akaambiwa ni mawazo tu, arudi nyumbani apumzike.

Kabla ya kwenda Afrika alipitia hospitali ya Saint-Alban, kusini mwa Ufaransa, chini ya daktari mkimbizi kutoka Uhispania, François Tosquelles. Hapo alijifunza kitu kilichomkaa moyoni: kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa mgonjwa. Ukimfungia mtu, ukamnyang'anya nguo zake, kazi yake na jina lake, halafu akaanza kupiga kelele, usiandike tu kwamba anapiga kelele. Dawa yao ilikuwa kuifanya wodi iwe kama kijiji chenye mikutano, kazi, sherehe na gazeti.

Novemba 1953 akafika Blida, mji ulio karibu kilomita hamsini kutoka Algiers, kuongoza sehemu ya hospitali ya Blida-Joinville. Na hapa lazima nikueleze alikuta mawazo gani.

Tiba ya akili nchini Algeria ilitawaliwa na kundi la madaktari waliomfuata Antoine Porot, profesa wa Algiers. Kwa miaka zaidi ya thelathini walikuwa wameandika kwamba Mwislamu wa Afrika Kaskazini kwa asili ni mtu wa hasira za ghafla, mwongo, mwenye akili ya kitoto, mwepesi wa kuua. Na hawakuishia kwenye tabia. Walidai tatizo liko kwenye ubongo wenyewe, kwamba ile sehemu ya juu inayofikiri haifanyi kazi sawasawa, na kwamba mtu huyu anaendeshwa na sehemu ya chini, ile ya silika. Hayo yalifundishwa kwa wanafunzi wa udaktari kama sayansi. Mwanafunzi Mwarabu alikaa darasani akayaandika kwenye daftari, kisha akayarudisha kwenye mtihani ili apite. Hebu jiweke hapo.

Na usidhani hayo yalikuwa ya Waarabu peke yao. Njoo hapa nyumbani, Barabara ya Thika.

Mathari, hospitali ambayo jina lake bado tunalitumia kutukanana, iliongozwa kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 na daktari Mwingereza aliyeitwa John Colin Carothers. Alipokabidhiwa hospitali hakuwa amesomea magonjwa ya akili; alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Wagonjwa walitengwa kwa rangi. Kutokana na alichokiona kwa wagonjwa Waafrika waliofikishwa pale, pamoja na kusoma maandishi ya wenzake, Carothers akaandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Nani alikichapisha? Shirika la Afya Duniani, mwaka 1953. Si gazeti la masetla. WHO.

Ndani yake kuna ulinganisho ambao kila nikiusoma huwa napumua kwanza. Alisema Mwafrika wa kawaida, mzima wa afya, anafanana sana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Yaani nyanya yako aliyekuwa akihesabu mifugo, mvua, madeni na ukoo mzima kichwani bila kalamu, kwenye kitabu hicho yuko karibu na mtu aliyekatwa ubongo.

Angalia jinsi kosa lilivyotengenezwa, kwa sababu hapo ndipo penye somo. Carothers aliona wagonjwa wachache wenye huzuni nzito, akahitimisha kwamba Mwafrika hashikwi na huzuni hiyo kama Mzungu, na akaihusisha na kukosa hisia ya kuwajibika. Lakini fikiria ni nani katika Kenya ya wakati ule alipelekwa Mathari. Ni yule aliyevua nguo sokoni, aliyechoma nyumba, aliyempiga askari. Mtu aliyesumbua. Mama aliyefiwa na watoto wawili akakaa kimya ndani ya nyumba mwaka mzima, hali vizuri, haongei, nani angemfunga kamba ampeleke Nairobi? Angekaa na dada zake. Kwa hiyo hakuhesabiwa. Na kwa sababu hakuhesabiwa, kitabu kikasema hayupo.

Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ikachapisha jijini Nairobi ripoti nyingine ya Carothers, hii ikieleza saikolojia ya Mau Mau. Vita vya ardhi na uhuru vikageuzwa kuwa matatizo ya nafsi ya Wakikuyu, watu waliopoteza mila zao na hawajapata mpya. Aliunga mkono watu wahamishiwe vijijini pamoja, mpango ambao tayari ulikuwa ukiendelea na ambao uliwakusanya zaidi ya watu milioni moja ndani ya vijiji vyenye ulinzi. Mtu akikulilia kwamba umemnyang'anya shamba, ukamwambia shida yake iko kichwani, shamba linabaki kwako. Ndiyo kazi ambayo saikolojia ya aina hiyo ilifanya.

Sasa turudi Blida.

Fanon alikuwa na wodi mbili kuu: wanawake wa Kizungu 165, na wanaume Waislamu 220. Pamoja na mwanafunzi wake Jacques Azoulay, akaleta mbinu zile za Saint-Alban. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yalinoga. Kukawa na gazeti la wodi, jioni za filamu, muziki, ushonaji, sherehe ya Krismasi. Watu waliokuwa wakikaa wakitazama ukuta wakaanza kuongea.

Kwa wanaume Waislamu, hakuna kitu. Mikutano ilikuwa kimya. Gazeti halikuwagusa, wengi wao hawakujua kusoma. Michezo ya jukwaani, wapi. Nyimbo, wapi. Miezi ikapita. Ungekuwa mwanafunzi wa Porot ungetabasamu tu na kusema si niliwaambia, hawa watu hawana uwezo wa maisha ya pamoja.

Kile ambacho Fanon na Azoulay walifanya baadaye ndicho kinachonifanya nimheshimu kuliko hotuba zake zote. Walichapisha makala mwaka 1954 wakieleza kinagaubaga kwamba walishindwa, na kwamba walishindwa kwa sababu walikuwa wamechukua maisha ya Mzungu wakayafanya ndiyo maisha ya binadamu. Fanon mwenyewe hakujua Kiarabu wala Kikabyle. Aliongea na wagonjwa wake kupitia mkalimani, na kwa mkulima wa Algeria, mkalimani ni mtu unayekutana naye mahakamani na polisi. Ungefunguka?

Wakaanza upya. Wakafungua mkahawa wa kahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, mahali ambapo wanaume wangekaa na kuongea kama walivyozoea kijijini. Wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu. Wakamleta msimulizi wa hadithi. Kukawa na mahali pa kuswali, na wagonjwa wenyewe wakasaidia kutengeneza uwanja wa mpira. Watu wale wale wasio na uwezo wa maisha ya pamoja wakaanza kuwa na maisha ya pamoja. Hakuna ubongo uliobadilishwa. Kilichobadilishwa ni meza waliyokalishwa.

Kisha likaja jambo la picha, ambalo kwangu ndilo kiini cha hadithi hii yote.

Kuna kipimo maarufu cha saikolojia, bado kinafundishwa, kinachojulikana kwa herufi TAT. Unaonyeshwa picha moja baada ya nyingine na kuambiwa utunge hadithi: nini kinaendelea, nini kilitangulia, mwisho utakuwaje. Mtaalamu anasikiliza na kusoma nafsi yako ndani ya hadithi hiyo. Kipimo kilitengenezwa Chuo Kikuu cha Harvard miaka ya thelathini. Katika seti hiyo kuna picha ya mtoto anayetazama fidla mezani, nyingine ya msichana mwenye vitabu shambani huku mwanamume akilima na farasi, na nyingine nyingi za vyumba na watu wa Kizungu.

Niweke kituo kidogo. Ukitafuta nani alikitunga, utaambiwa Henry Murray. Ilipochapishwa makala ya kwanza mwaka 1935, jina la kwanza lilikuwa la mwanamke, Christiana Morgan, ambaye hata baadhi ya picha alizichora mwenyewe. Kipimo kilipotolewa rasmi na Harvard mwaka 1943, jina juu likawa la Murray, na la Morgan likapotea. Nilisomea saikolojia mihula mitatu kabla ya karo kuniaga, na TAT ilikuwa kwenye noti. Morgan hakuwepo. Kwa hiyo hata kabla kipimo hakijavuka bahari, kilikuwa kimeshamsahau mwanamke mmoja.

Fanon na msaidizi wake Charles Geronimi waliwapa kipimo hiki wanawake Waislamu waliokuwa wamelazwa Blida. Matokeo yalikuwa duni kabisa. Mwanamke anashikilia picha, anaitazama kwa makini, kisha anataja vitu: hapa kuna mtu, hapa kuna kiti, huyu sijui anafanya nini. Basi. Hakuna hadithi. Hakuna jana wala kesho. Kwa kitabu cha maelekezo, hiyo ni dalili ya akili kavu, isiyo na ubunifu, pengine iliyoharibika.

Lakini seti hiyo ina kadi moja isiyo na picha yoyote. Nyeupe tupu. Unapewa na kuambiwa uone unachotaka kisha usimulie. Wanawake wale wale waliokuwa wakitaja viti na mikono, walipopewa kadi tupu, walisimulia. Hadithi zilizojaa, zenye watu na uchungu na mambo ya kwao.

Soma tena hapo kama unahitaji. Walikuwa na hadithi wakati wote. Ni zile picha zilizokuwa zimewakalia juu. Mwanamke ambaye hajawahi kuingia chumba kama hicho, aliyelelewa katika nyumba yenye sheria zake kuhusu nani anakaa na nani na nani anamtazama nani, anawekewa maisha ya watu wengine mbele yake na kuulizwa wanafikiria nini. Na wenye maisha hayo ndio watu wanaoitawala nchi yake. Angejuaje? Alikuwa mkweli kuliko kipimo: alisema anachokiona, basi.

Fanon na Geronimi wakalipeleka jambo hilo katika kongamano la madaktari wa akili mjini Bordeaux mwaka 1956. Walieleza kwamba kipimo kimejengwa juu ya dunia ya Magharibi, na kwamba huwezi kukitumia kwa mwanamke wa Algeria kisha ukamlaumu yeye kwa kushindwa kuingia katika dunia isiyo yake. Kukawa na makofi? Sijali sana. Kazi iliyofanyika kwa kadi moja tupu ilitosha kutikisa rafu nzima ya vitabu.

Na usifikirie rafu hiyo ilianguka. Mwaka 1958, huko Chicago, Lawrence Kohlberg alitunga ngazi yake maarufu ya jinsi binadamu anavyokua kimaadili kwa kuwahoji wavulana peke yao. Baadaye wanawake walipopimwa kwa ngazi hiyo ikaonekana wamekwama chini, mpaka Carol Gilligan alipouliza mwaka 1982 kwa nini hakuna aliyeshuku ngazi. Na mwaka 2010 watafiti Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan wakaweka takwimu mezani: katika majarida makubwa ya saikolojia yaliyokaguliwa, asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea, zenye asilimia 12 tu ya watu duniani. Unapokuta mtandaoni makala inayosema sayansi imethibitisha wanadamu wako hivi ama vile, kuna uwezekano mkubwa wanadamu hao walikuwa wanafunzi wa chuo huko Marekani.

Vita vya uhuru vya Algeria vilikuwa vimeanza Novemba 1954, na Blida haikuweza kubaki nje. Mchana Fanon aliwatibu walioteswa. Aliwatibu pia waliotesa. Ameandika kuhusu afisa mmoja wa polisi, Mzungu, ambaye kazi yake ilikuwa kutesa watu kwa saa nyingi, na ambaye alikuwa ameanza kumpiga mkewe na watoto nyumbani. Hakuja kutafuta njia ya kuacha kazi. Alitaka daktari amsaidie aendelee na kazi yake akiwa ametulia. Sasa hapo mgonjwa ni nani, na kupona ni nini? Hakuna kipimo cha Harvard kinachojibu hilo. Mwishoni mwa 1956 Fanon akaandika barua ya kujiuzulu kwa mwakilishi wa serikali ya Ufaransa. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya daktari wa akili ni kumrudisha mtu ajisikie kwao, na haiwezekani kumrudisha Mwarabu kwao ilhali ukoloni umemfanya mgeni katika nchi yake mwenyewe. Januari 1957 akafukuzwa Algeria.

Akahamia Tunis, akaendelea kutibu na kuliandikia gazeti la wapiganaji. Desemba 1958 alikuwa Accra katika mkutano wa watu wa Afrika nzima, na kiti cha mwenyekiti alikalia kijana wetu wa miaka 28, Tom Mboya. Napenda kuwawazia chumba kimoja: Mboya akitoka nchi ambayo Carothers alikuwa ameiandikia ripoti na ambayo bado ilikuwa chini ya hali ya hatari, na Fanon akiwaambia wajumbe kwamba si kila mkoloni ataondoka kwa kuombwa.

Lakini sitakuuzia malaika. Huyu mtu aliyeona wazi kwamba wanawake wa Blida walipimwa kwa picha zisizo zao, alikuwa na picha zake mwenyewe. Katika kitabu chake cha 1952 alimvamia mwandishi mwanamke wa Martinique, Mayotte Capécia, kwa sababu mhusika wake alitamani mume Mzungu. Alimsuta bila huruma. Ukurasa wa mbele kidogo, mwanamume mweusi anayempenda mwanamke Mzungu anapewa uchambuzi mrefu, wa upole, wa kumwelewa. Na kuhusu undani wa mwanamke mweusi alikiri mwenyewe kwamba hajui kitu. Sasa, bro, kama hujui, si ungeuliza? Josie alikuwa hapo hapo kwenye mashine ya kuchapa, na Martinique ilikuwa na mama yake na dada zake. Wanawake wasomi wamemwandama kwa hilo kwa miaka mingi, na wako sawa.

Hata mtindo wake wa kazi haukubadilika. Huko Tunis alitamka vitabu vyake vya baadaye huku mwanamke mwingine, Marie-Jeanne Manuellan, akiandika na kuchapa. Mwanamume anatembea akiongea kuhusu ukombozi, mwanamke ameketi anaandika. Angepewa yeye kadi hiyo ya TAT asimulie, sijui angesema nini.

Mwishoni mwa 1960 akaambiwa ana saratani ya damu. Alikuwa na miaka 35, balozi wa serikali ya muda ya Algeria nchini Ghana. Akatibiwa Moscow, akarudi Tunis, na ndani ya miezi michache ya 1961 akatamka kitabu chake cha mwisho. Watu husoma sura ya kwanza, ile ya vurugu, wakaacha. Wewe nenda sura ya mwisho kabla ya hitimisho. Huko ndiko alikoweka mafaili ya wagonjwa wake, na huko ndiko alikomtaja Porot na wafuasi wake, na Carothers wa Mathari pamoja nao, akaonyesha jinsi walivyochukua watu waliokandamizwa, wakawapima wakiwa wamekandamizwa, kisha wakaandika kwamba hivyo ndivyo walivyoumbwa.

Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka huo, yeye akiwa amelazwa Marekani, nchi ambayo hakuipenda hata kidogo. Alifariki Bethesda, karibu na Washington, Desemba 6, 1961, akiwa na miaka 36, ameandikishwa hospitalini kwa jina la Ibrahim Fanon. Mwili ukasafirishwa hadi Tunis, kisha wapiganaji wakauvusha mpaka na kumzika katika ardhi ya Algeria, vita vikiwa bado vinaendelea. Uhuru ulikuja Julai 1962, miezi saba baadaye.

Hospitali ya Blida siku hizi inaitwa kwa jina lake, na bado inalaza wagonjwa, wanaume na wanawake.